Herufi Ambayo Shangazi Hakuigusa

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini na tisa katika bohari yetu ya dawa, Shangazi anastaafu. Jina hilo alipewa na wahasibu, likamganda, na leo hata mkurugenzi aliyemzidi umri humwita Shangazi.

Alianza kama mpokea simu. Kuandika programu alijifunza kwa kukaa karibu na fundi wa kompyuta mpaka fundi akachoka kumfukuza. Ndiye aliyetunga programu ambayo matawi yetu yote hutumia kutuma oda: mtunza ghala anaandika amri, kistari na herufi c, oda inakwenda na gari linapakiwa.

Kila lilipokuja toleo jipya, Shangazi aliongeza machaguo yenye majina marefu yanayosomeka, lakini ile c aliiacha ilivyo. Ukiitumia, skrini inakukumbusha kwa upole kwamba kuna njia mpya, kisha inafanya kazi yako. Vijana wa kitengo chetu cha kompyuta walimtania kwamba anafuga vizee. Akawajibu kuwa vizee hivyo ndivyo vinavyowalisha.

Mwezi uliopita mmoja wetu alipendekeza c ipewe kazi mpya ya kufuta oda, kwa kuwa ni fupi. Tulikubali wote, ilionekana nadhifu. Shangazi hakubishana. Aliweka simu mezani, akafungua spika tusikie sote, akampigia mtunza ghala wa tawi la mbali na kumwomba atume oda huku akitaja anachoandika. Bwana yule alicheka, akasema vidole vyake vinajua njia, skrini haangalii siku hizi. Na tusimcheleweshe, wagonjwa wa sukari wanasubiri insulini. Kisha akataja c. Mwenye pendekezo akaliondoa papo hapo.

Kufuta oda kulipewa jina lake refu, na sasa programu huuliza kwanza.

Kuanzia Jumatatu programu hiyo itakuwa mikononi mwa karani anayeandika haya. Amelikagua toleo jipya mpaka macho yanamuuma, na bado anahisi kuna tawi amelisahau. Alipomweleza Shangazi, alichekwa kwanza, halafu akaambiwa hofu hiyo asiifukuze, aitumie kupigia matawi simu. Ameshaanza.

Shangazi, asante kwa kila kitu ulichokiacha kikifanya kazi. Tunakuombea afya, usingizi mrefu na wajukuu wasumbufu kiasi. Ila tafadhali, namba yako ya simu usibadilishe.