Friji ya Chanjo na Wataalamu wa Benchi Langu

Benchi langu linatazamana na mlango wa zahanati, na mwenye birika ni mimi, kwa hiyo habari za mji huu nazisikia kabla hazijapoa. Asubuhi hiyo walikuwa wale wale watatu: Redio, karani mstaafu asiyezimika, Nanga, aliyekuwa mpakua mizigo, akishakaa hang'oki, na Shemeji, anayeitwa hivyo na mji mzima ingawa hajawahi kuoa. Wote macho juu ya paa la zahanati, kwenye paneli za sola alizofunga Fundi, binti wa mshona viatu wetu. Alhamisi Fundi alikwenda kijiji cha pili kufunga nyingine. Tangu Jumamosi betri za hapa hazijai na friji ya chanjo inasuasua. Kamati ya zahanati imetoa neno: leo saa sita mchana hali ikiwa ile ile, linawashwa jenereta la zamani, na Fundi kazi basi. Amerudi mbio alfajiri, na muda huo alikuwa juu ya paa.

Redio: Likiwashwa lile jenereta mimi nahama. Lilikuwa linakohoa kuliko wagonjwa.

Shemeji: Na mafuta yake yote yakitiririkia kwenye mkondo, mpaka mikoko ikakauka.

Nanga: Binti kalizima, kaotesha mikoko upya, kaa wamerudi. Nimewaona mwenyewe.

Redio: Yule mtoto ana kichwa. Walikuja mafundi watatu na tai zao, wakasema haiwezekani. Yeye kafunga kwa siku nne.

— Kumsifu mnajua, nikasema. Mbona betri hazijai?

Afadhali ningenyamaza.

Shemeji: Paneli zimechoka. Kitu gani kinafanya kazi kila siku bila kupumzika?

Nanga: Wewe hufanyi yoyote na umechoka.

Redio: Paneli hazina kosa. Jua limesogea. Zamani nikikaa hapa lilikuwa linanipiga jicho la kulia, siku hizi la kushoto.

— Zamani ulikuwa unakaa upande ule wa benchi, nikamwambia.

Redio: Mama Birika, mimina kahawa.

Nanga: Mimi nashuku mikoko. Imekuwa mingi mno, inakula mwanga wote.

Shemeji: Na ile meli iliyosimama juzi? Umeviona vioo vyake? Inanyonya jua letu ikaliuze nchi za baridi.

Redio: Kwenye makopo.

Nanga: Makopo yatayeyuka. Mapipa.

Wakaanza kubishania ukubwa wa mapipa. Muuguzi akatokea mlangoni, akatazama saa yake, akarudi ndani. Ilikuwa saa tano kasoro. Nasema kweli, moyo uliniuma. Wajukuu zangu wawili wamechanjwa kwa chanjo za friji ile, na hakuna siku tuliyoambiwa rudini kesho, umeme hakuna. Na yule binti nimemwona akipanda mikoko ile na matope mpaka kiunoni, halafu leo wamfukuze kama mwizi.

Fundi akashuka kwenye ngazi, akavuka barabara mpaka kwetu.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu.

— Wazee wangu, kule juu vioo vyote vina ukoko mweupe. Nimeulamba. Ni chumvi.

— Upepo wa bahari huo, Redio akadakia.

— Upepo hauachi michirizi ya ndoo, baba.

Nanga akaangalia vidole vyake vya miguu. Shemeji akakuta kikombe chake kina jambo la kutazama.

— Tulikuoshea, Nanga akasema mwishowe. Ijumaa. Tulitaka ukirudi uzikute zinang'aa.

— Na maji ya bomba hatukuyagusa hata tone, Shemeji akaongeza. Wewe mwenyewe ulisema mkutanoni tusipoteze maji. Tukachota ya bahari. Ndoo kumi na nane, tumepanda nazo ngazi hiyo hiyo.

— Nanga na goti lake bovu, Redio akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo.

Fundi akafumba macho. Ningekuwa mimi ningewatukana mpaka jioni. Yeye akauliza tu:

— Maji matamu yako wapi hapa karibu?

Bomba letu hutoa maji Jumanne, na siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Nikasukuma mbele madumu yangu mawili, maji ya kahawa ya siku nzima. Nanga akabeba moja, Shemeji akabeba la pili, Redio akashika ngazi. Fundi akaosha kioo kimoja kimoja kwa kitambaa laini, anafuta kwa utaratibu kama anamwosha mtoto mchanga. Mimi nilikuwa nimesimama katikati ya barabara, pikipiki zinanipigia honi.

Saa sita kasoro dakika kumi muuguzi akatoka.

— Chaji inapanda. Nimeshawapigia kamati, wasije.

Fundi akaja kukaa benchini, mikono ya gauni imelowa. Wazee wakarudi kwenye viti vyao vya enzi.

Redio: Si nilisema? Ana kichwa huyu.

Nanga: Hakuna wa kumfikia pwani nzima.

Shemeji: Tumsifu mpaka tuchoke.

Fundi akawasikiliza mpaka mwisho, anakamua maji mkononi mwa gauni.

— Asanteni, wazee wangu. Lakini namba yangu mnayo wote. Taa ikiungua tu mnanipigia. Mmeosha hamkuniuliza, betri zimeanza kushuka hamkuniuliza, mmekaa hapa siku tatu mnatafuta sababu. Kwa nini hakuna hata mmoja aliyenipigia?

Hakusema kwa hasira. Redio akamtazama Nanga. Nanga akamtazama Shemeji, Shemeji akanitazama mimi, na mimi simu yangu ilikuwa mfukoni siku zote hizo tatu. Nikainua birika niwamiminie, nikijua halina kitu.