Simbilisi wa Mama Hezroni

Ukishuka treni hapa Same, vuka reli kwa adabu zako, upite ghala la mizigo, utakuta benchi. Usilidharau. Ni taruma la zamani lililochoka kubeba treni, Amiri muuza kahawa akalilaza juu ya mawe ili libebe waongo. Kila alasiri, kivuli cha ghala kinapolifikia, wenyewe hukusanyika na vikombe vyao vidogo, wanatemewa vumbi na upepo wa Same, wanaamua mambo ya dunia. Walimwamulia Hitla vita yake hapo, na ilipokwisha tofauti na walivyoamua, walisema Mwingereza ndiye aliyekosea. Sasa vita imeisha miaka michache, hoja zimepungua, watu wana kiu ya hoja kuliko ya kahawa. Siku hiyo hoja ililetwa imebebwa kichwani.

Aliyeibeba ni Sefania, ila pale hakuna anayemwita Sefania. Wanamwita Bendera, kwa kuwa ndiye anayesimama stesheni na bendera ya kijani treni ikiruhusiwa na nyekundu ikikatazwa, na mazoea hayo ameyahamishia maishani. Anaruhusu na kukataza hata vitu visivyo na magurudumu. Kwao ni Bombo, juu milimani. Ni mzee wa kanisa, tena wa wale wanaofuta benchi kwa leso kabla ya kuketi.

Alitua kichwani tundu jeupe, akaliweka chini taratibu kama anashusha mtoto aliyelala. Ndani mlikuwa na simbilisi wawili, wale wanyama wadogo wasio na mkia ambao mama zetu wa milimani huwafuga jikoni, wakikimbizana miguuni pa watu na kula maganda ya ndizi.

— Nimeshindwa, akasema Bendera. Nisaidieni.

Bendera hajawahi kusema neno hilo tangu wamjue.

Ikabidi aeleze, na alieleza huku anasugua goti. Mkewe, Eliwaza, wamemzoea kumsikia kwa jina la Mama Hezroni bila kumwona, kwa sababu anaishi Bombo na migomba yake na Bendera anaishi huku chini kwenye nyumba ya reli. Si jambo la ajabu. Wote pale benchini wake zao wako mlimani; mwanamume huteremka kufuata kazi, mwanamke hubaki na shamba, na ndivyo watu wanavyozeeka. Lakini Bendera umri umeanza kumwambia maneno. Jioni anapika ugali wa mtu mmoja, anaukuta mwingi. Krismasi iliyopita alipopanda nyumbani alimwomba Mama Hezroni ashuke waishi wote. Mama hakukataa wala hakukubali. Aliwahi kuja zamani, akaliona jua la Same, akarudi na lori lile lile. Safari hii aliinama jikoni, akakamata simbilisi wawili, dume na jike, akampa ndani ya kapu.

— Alisema nini? akauliza Amiri.

— Alisema, "Waishi kwanza hawa. Wakiishi, nami nitaishi."

Na kesho anakuja kuwaona.

Watu wakainama kutazama. Jike, la kijivu lenye baka jeupe, lilikuwa limejikunyata kwenye kona, manyoya yamesimama. Dume la kahawia lilikuwa limebana pua ukutani. Majani mabichi ya matembele yamelala mbele yao hayajaguswa. Kwa Mama Hezroni, alisema Bendera, ukifungua tu mlango wa jiko wanapiga mluzi mpaka unajisikia umekaribishwa. Huku chini walipiga mluzi siku za mwanzo tu, kisha wakaacha, na chakula nacho wanaonja tu. Nyumba imekuwa kimya kuliko kabla hawajaja.

Lakini tundu, haki ya Mungu, lilikuwa zuri. Ni la mbao za makasha ya chai, limepakwa chokaa, lina paa la debe lililonyooshwa na mlango wa wavu. Kule kwenye nyumba ya reli miguu yake husimama ndani ya mikebe ya mafuta ya taa ili siafu wasipande. Vyumba ni viwili, kimoja cha dume, kimoja cha jike, katikati ubao uliopigwa randa ukalainika, unaoteleza kwenye mifereji yake ukishuka na kupanda. Kila chumba na kopo lake la maji, kila chumba na chano chake.

— Dume kuume, jike kushoto, akasema Bendera, na hata katika huzuni yake hakuweza kuficha fahari. Kama kanisani.

Benchi zima liliafiki kwa kichwa. Hata Amiri, anayeswali msikitini, aliona jambo hilo limekaa vizuri.

Usafi nao alieleza. Alfajiri, kabla ya treni ya kwanza, anamtoa kila mmoja na kumweka ndani ya kapu lake. Anakung'uta nyasi za jana zote, anakwangua sakafu kwa kipande cha bati, anasugua kwa sabuni na brashi, anamwaga maji ya tangi la stesheni, anaanika juani mpaka harufu iishe. Kisha anatandaza maranda kutoka kwa fundi seremala, juu yake nyasi zilizokaushwa kivulini, maana mbichi zenye umande huwavimbisha tumbo. Yote hayo kila siku, hata Jumapili, na amemwomba Mungu msamaha kwa hiyo ya Jumapili.

Wa kwanza kutoa hukumu alikuwa Gideoni, aliyekuwa akitia makaa kwenye injini mpaka mgongo ukamkatalia. Wanamwita Boila, na ukimwuliza kwa nini mvua hainyeshi atakwambia presha. Alisema simbilisi ni mashine ya mvuke. Mlimani kuna baridi, kwa hiyo mnyama anawasha moto wake tumboni, anakula ili achochee. Huku chini joto liko nje, ndani moto umezimwa, atakula ili iweje? Na ule mluzi, alisema, ni mvuke unaotoka. Hakuna mvuke, hakuna mluzi.

— Kwa hiyo nifanyeje?

— Mtie kwenye maji baridi.

Bendera alivuta tundu karibu yake.

Akaingia Asheri, tarishi wa bomani, anayepeleka barua za Bwana DC na kwa hiyo anajiona kidogo Bwana DC. Huyo ni Boma. Aliuliza kama wanyama hao walipata kibali cha kuteremka. Ng'ombe akitoka Kwakoa kwenda popote anakaguliwa, seuze simbilisi. Hawa wameingia kinyume cha sheria na wenyewe wanajua. Mnyama anayejua hana kibali hawezi kula.

— Wameletwa na mimi, akasema Bendera kwa ukali. Nitakwenda jela mimi, wao wale matembele.

Amiri, ambaye humsikiliza kila mtu kwa sababu anawauzia wote, alisema yeye anaona kosa ni sabuni. Kila asubuhi viumbe wanaamka kwao, jioni wanalala kwa mgeni. Angebakiza nyasi kidogo za jana, wanuse, wajue ndipo kwao. Neno hilo lilimchoma Bendera. Alijibu kwamba mama akikuta nyasi za jana atasema ndiyo maisha anayomwitia, kulala kwenye uchafu. Amiri akamjazia kikombe. Sauti ya Bendera ilikuwa imetetemeka kidogo mwishoni, na kila mtu alijifanya hakuisikia.

Sasa hoja ikaanza kushuka mlima bila breki. Boila alisema basi ni reli. Simbilisi wanasikia kwa tumbo, treni ikiondoka Tanga wao wanaihisi hapa, hawapati usingizi mpaka ifike. Boma akasema ni kubwa kuliko hilo. Yeye amesikia bomani kwamba wazungu huwachoma sindano wanyama hawa ili wajue magonjwa ya watu, na habari kama hiyo haiwezi kukosa kufika kwa simbilisi wenyewe. Waliliona tundu jeupe, wakadhani ni hospitali.

Bendera alilitazama tundu lake na chokaa yake. Kwa kweli lilifanana kidogo na hospitali. Alijiona mpumbavu kwa kuliwaza hilo, akaliwaza tena.

Boila hakukubali kushindwa. Aliangalia huku na huku, akashusha sauti kana kwamba askari yuko chini ya benchi.

— Ni mgomo.

— Mgomo gani?

— Kama wa watu wa reli. Hawali, hawaongei, hawafanyi kazi. Uliza wanadai nini.

Wakainama wote, watu wazima wenye wajukuu, wakiwatazama simbilisi usoni wajue wanadai nini. Dume halikuinua hata jicho. Pua yake ilikuwa pale pale, kwenye ubao, na alipoitazama kwa makini Bendera aliona chokaa imetoka mahali hapo, pamebaki mbao tupu. Aliona, akafikiria kupaka upya.

Hakujua afanye nini tena, na mtu asiyejua la kufanya hufanya analolijua. Alifungua mlango, akaingiza kichwa na mkono, akaanza kukwangua kinyesi kwa kipande cha bati. Makalio yake yakaielekea barabara. Huko ndani palinuka sabuni, na sauti za wenzake zilimfikia za mbali. Akilini mwake kila alfajiri alikuwa akimwona Mama Hezroni amesimama mlangoni pa nyumba ya reli na kapu lake, ameridhika. Sasa alimwona ameshika kapu tupu, anarudi kwenye lori, na alijua hatamwomba mara ya tatu. Aibu isingemruhusu.

Lori la mahindi kutoka upande wa Gonja likaingia stesheni, likamwaga watu na vumbi. Mwanamke mmoja alivuka reli, kitenge kimefungwa vizuri, kapu la maganda ya ndizi mkononi. Walidhani ni abiria wa kwenda Moshi.

— Shikamoo mama, akasema Amiri.

— Marahaba.

Akasimama, akatazama tundu, akalizunguka taratibu. Boila akaona amepata msikilizaji mpya, akamwelezea habari ya mvuke. Boma akaongeza ya kibali. Mwanamke alisikiliza mpaka mwisho, kama anavyosikilizwa mhubiri mgeni, kisha akanyoosha kidole.

— Huu ubao wa katikati ni wa nini?

Boila alifungua mdomo. Boma alikohoa, akasema kwamba kwa utaratibu, akaishia hapo. Amiri alitazama ndani ya birika lake. Walikuwa wamezungumzia maji, reli, serikali, jua, sabuni na sindano, na ule ubao hakuna aliyeugusa. Kila mmoja alijaribu kulitafuta jibu mahali linapopaswa kuwa, akakuta pamekaa nyumba yake mwenyewe: chumba kimoja Same, kingine mlimani.

Ndani ya tundu bati lilikuwa limeacha kukwangua. Ile sauti Bendera angeitambua hata injini ikilia. Alitoa kichwa polepole, maranda yamemnasa kwenye ndevu.

— Mama Hezroni. Si ulisema kesho?

— Lori limepatikana leo.

Hakumsalimia zaidi. Alibaki ameelekeza kidole, anangoja jibu lake kwa upole, na upole huo ndio uliomwumiza Bendera. Alitaka kusema ni kwa ajili ya heshima. Alitaka kusema kanisani. Maneno yalifika kooni akayaona yalivyo, akayameza. Alisimama, akaushika ubao kwa mikono miwili, akavuta. Ulikuwa umevimba kwa kuoshwa kila siku, haukutaka. Alivuta tena, ukatoka kwa kelele na kupasua mfereji mmoja.

Dume lilibaki pua hewani, pale palipokuwa na ukuta. Kisha likavuka. Likamfikia mwenzake kwenye kona, likajisukuma ubavuni pake mpaka yule wa kijivu akasogea, wakakaa wamebanana. Eliwaza aliingiza ganda la ndizi kwenye wavu. Kisha jike likapiga mluzi, mwembamba, wa kukatika, na dume likaitikia.

Boila alitaka kusema ni mvuke. Boma alimkanyaga mguu.

Bendera alikuwa amesimama na ubao wake mkononi, macho yamejaa machozi, hakuyafuta.

— Mzigo wako uko wapi? akauliza.

— Juu ya lori. Nimemwambia dereva asiushushe mpaka nirudi kumwambia.

— Niushushe?

Eliwaza aliutazama ubao, halafu akamtazama yeye na yale maranda ndevuni. Alinyoosha mkono, akayatoa moja moja, mbele za watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata Bombo.

— Ushushe, akasema. Na huo ubao nipe. Leo nitaupasua kuni, nipikie.

Walielekea kwenye lori, Eliwaza amebeba kapu na ubao, Bendera tundu kichwani, mluzi ukisikika mpaka ng'ambo ya reli. Benchini Boila alinyoosha kikombe, Amiri akatikisa birika na kumwonyesha kuwa halina kitu. Walikaa. Upepo wa Same uliwapulizia vumbi na hawakulalamika.

Baada ya muda Boma aliuliza, bila kumtazama mtu, lori la kupanda kwao Mbaga siku hizi huondoka saa ngapi. Hakuna aliyejua.