Chaji ya Nusu Dakika Hapa Nyankumbu

Benchi langu la kahawa limeupa mgongo ukuta wa saluni ya Aneth, uso barabarani. Mama yangu, Mungu amrehemu, alinikanya nisiwape wanaume kahawa kabla ya kazi, maana kazi wataimalizia mdomoni. Sikumsikia. Leo Makoye, bodaboda, kaleta pikipiki yake mpya ya umeme, kaichomeka kwenye soketi ya saluni, kakaa. Mkewe Loveness ana mimba ya kujifungua siku yoyote, na hiyo pikipiki ndiyo ya kumpeleka. Wenzake ni Boaz fundi simu, tunamwita Injinia, na Magesa wa boda ya petroli, tunamwita Lita kwa kuwa hajawahi kununua lita nzima.

Injinia akaanza:

— Jana nimeangalia mbio za magari ya umeme. Gari linaingia pembeni, linachomekwa, nusu dakika, limetoka linaruka.

— Nusu dakika? Mimi hapo bado nahangaika na kifuniko cha tangi, akasema Lita.

— Ndiyo maana abiria wako wanafika na mvi.

— Na hii ya Makoye imechomekwa tangu bibi huyu wa kahawa anawasha jiko. Hao madereva wako wameshastaafu.

Makoye akajitetea:

— Yangu inakula taratibu ishibe. Umeme wa haraka ni povu.

— Wa kwao wanaupoza, akasema Injinia. Bila barafu betri inavimba kama andazi.

— Bibi, una barafu? akaniuliza Lita.

— Nina kahawa, nikamjibu. Inawaweka macho ninyi, na kazi siioni.

— Dawa ni waya mnene, Injinia akaendelea. Tunauvuta mpaka mgodini, tunanyonya kidogo. Wachimbaji wako chini ya ardhi, giza wamelizoea, nani atashtuka?

Wakati Lita anatafakari hilo kwa heshima zote, Philomena, mama yake Loveness, akatokea anatembea upesi.

— Shikamoo, mama, akasema Makoye akiinuka.

— Marahaba. Uchungu umemshika mwenzio. Yuko mlangoni, twende zahanati.

Makoye akarukia pikipiki. Kioo cha kuonyesha chaji cheusi tii. Philomena akakitazama, akatugeukia.

— Kwani umeme upo?

Aneth akatoa kichwa dirishani.

— Umeme wa LUKU umeisha tangu asubuhi. Nilidhani mnajua, si mnaongelea umeme muda wote.

Makoye akamtazama Lita. Lita akatikisa pikipiki yake, tangi halikutoa hata mlio.

— Zahanati iko bondeni, akasema Philomena. Mikono mnayo.

Nikawaona wakiteremka. Loveness kakaa juu ya pikipiki ya umeme, Makoye kashika usukani, Injinia na Lita wanaizuia kwa nyuma isikimbie, Philomena mbele anafukuza mbuzi.

— Makoye, akasema Loveness akiuma meno, hii ndiyo ile ya haraka?

Jioni wakarudi. Mtoto wa kike, mzima, na mama yake salama. Injinia alishaanza kumweleza Aneth kwamba ule mteremko waliumaliza kwa nusu dakika.

Nikamkumbuka mama yangu, nikainua birika, nikamwaga kahawa iliyobaki chini.