Simeon Ochola, Mtu Mzima

Siku ya Alhamisi, tarehe 14 Mei 1987, saa tisa na robo alasiri, hapa nyumbani kwake Muyeye, kaka yangu Simeon Ochola alivuta pumzi yake ya mwisho, mkewe akiwa amemshika kichwa na watoto wake wakiwa wameketi kitandani upande wa miguu, na tangu saa hiyo nyumba hii si ile tuliyoijua. Bwana asifiwe, wapendwa, na ndugu zetu Waislamu mliofika mkiwa na saumu, asalaam aleikum. Mimi naitwa Idah, ndugu yake wa tumbo moja, na familia imeniomba niwasomee maisha yake, nami nitasoma polepole, mnivumilie.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Agosti 1943 huko Alego, Siaya, mtoto wa kwanza wa marehemu Yakobo na marehemu Dorka. Baba alitutoka mapema, na mama akamfuata mwezi Novemba 1952, marehemu akiwa na miaka tisa na mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni. Mimi nilichukuliwa na nyanya, yeye akapelekwa kwa jamaa mmoja wa baba, na huko, siku moja ya mvua, kwa kosa la mbuzi walioingia kwenye mtama, aliambiwa "Toka!", mlango ukafungwa nyuma yake, naye hakuurudia tena. Jamaa huyo naye ameshatangulia, na sisi tumemsamehe.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, akilelewa na mwalimu mmoja aliyemwonea huruma, na hapo ndipo alipopata kusoma Biblia na kumjua Mwokozi. Mwaka 1964 alishuka pwani, akafanya kazi ya kupakua mizigo bandarini Mombasa, na tarehe 15 Desemba 1973 akafunga ndoa takatifu hapa Malindi na Jedida Mumbua, mama huyu mnayemwona mbele yenu. Mwaka uliofuata aliajiriwa katika mashamba ya chumvi kule Marereni, akaanza kwa kukwangua chumvi juani kama wenzake, hata baadaye akapewa unyapara. Mungu aliwajalia watoto wawili, Tabitha, aliyezaliwa Januari 1975, na Elikana, aliyezaliwa mwaka 1979.

Sasa nafika mahali ambapo pengine mlidhani tutaparuka. Marehemu mwenyewe aliomba pasomwe, ili kesho mtu asije akawaambia watoto hawa kwamba baba yao alikuwa na mapepo.

Kuanzia mwishoni mwa mwaka 1983 marehemu alibadilika, akawa mtu wa hasira isiyojulikana ilikotoka, akisikia mlango umefungwa kwa nguvu huvunja kilicho karibu, kisha hukaa kimya siku nzima, na siku nyingine hufanya kazi hata Jumapili bila kula. Tabitha alianza kujificha chini ya kitanda akisikia viatu vya baba yake. Wazee wa kanisa walikuja, na walikuja kwa upendo, wakamzunguka hapa sebuleni wakakemea kwa sauti kuu, "Toka! Toka! Toka ndani yake!", na kila walipopaza sauti ndivyo alivyozidi kuruka na kulia, hata Mzee Fondo, ambaye yuko hapa na ameniruhusu niseme, akaumwa mkono, akatangaza kwamba pepo huyu ana meno. Mwezi Agosti 1984 Jedida aliwachukua watoto akaenda nao kwa dada yake Matsangoni, na Tabitha akasema hatarudi tena kwenye nyumba ya baba.

Mwezi Februari 1985, alipojikata mkono kwa kupiga kioo cha dirisha, aliyemfunga jeraha alimwelekeza kwa Bi Tumu Seif, muuguzi mstaafu wa maradhi ya akili, ambaye aliwahi kujifunza kwa daktari mmoja namna ya kumsaidia mtu kuzungumza na sehemu mbalimbali za nafsi yake. Bi Tumu alimwuliza, "Ukikasirika, mwanangu, ni nani anayekuja mbele?" Marehemu alishtuka, akamwuliza kama yeye naye anaita pepo, na Bi Tumu akacheka, akamwambia, "Pepo nawajua, bibi yangu akiwachezea ngoma. Huyu si pepo, huyu ni wewe. Wewe mwenyewe umefukuzwa, wafukuzaje tena wenzio? Mketishe, umwulize anaogopa nini."

Basi kila Jumatano alikwenda kwake, akafumba macho, akasikiliza. Alimkuta ndani yake mmoja aliyempa jina la Nyapara, ambaye hakumwacha apumzike akihofia kwamba asiyefanya kazi hatapewa chakula, na mwingine aliyemwita Askari, ambaye ndiye aliyekuwa akivunja vitu, na nyuma ya Askari alikuwako mtoto wa miaka tisa, amelowa, amesimama nje ya mlango. Bi Tumu akamwuliza marehemu, binti yake alikuwa na umri gani hali hii ilipoanza, naye alipohesabu akalia, maana Tabitha alikuwa anakaribia miaka tisa. Ndipo sote tulipoelewa kwamba tulipokuwa tukisema "Toka" tulikuwa tukimwambia mtoto yule yule neno lile lile, na Askari alikuwa akimpigania. "Mtoto hakemewi," alisema Bi Tumu, "mtu mzima ni wewe, mshike mkono."

Walikuwako waliocheka. Wenzake wa Marereni walimtania, "Ochola leo mmekuja wangapi? Tumimine vikombe vingapi vya chai?", naye alijibu, "Mimina vitatu, huyu wa nne bado mdogo," akacheka nao. Walikuwako pia waliosema ameacha Kristo kwa kwenda kwa mama wa Kiislamu, lakini mimi nilimsikia akiomba, na hakuwahi kuomba kwa upole namna ile.

Mwezi Novemba mwaka huo alikwenda Matsangoni. Tabitha alikimbilia chumbani, na watu wa nyumba ile wakamwita kwa ukali, "Wee Tabitha, toka umsalimu baba yako!" Marehemu aliwanyamazisha, akaketi chini mlangoni, akasema, "Baba hakuiti utoke. Baba anaomba aingie. Ukisema bado, nitarudi wiki ijayo." Tabitha akasema bado. Akarudi wiki iliyofuata, akaambiwa bado, akarudi tena, hata Jumamosi moja kabla ya Krismasi mtoto akasema, "Karibu, lakini usivae viatu." Walirudi Muyeye mwezi Januari 1986, na nyumba hii ikasikia kicheko.

Furaha hiyo haikuwa ndefu. Mwezi Septemba 1986 tumbo lilianza kuvimba, akalazwa, madaktari wakasema ni ini, wakafanya walichoweza, na mwezi Aprili akaomba arudishwe nyumbani. Aliugua bila ukali kwa mtu yeyote, na Tabitha ndiye aliyekuwa akimlisha uji.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Muyeye mliotuchotea maji, wenzake wa mashamba ya chumvi, Mchungaji Baya na kanisa, wazee mliosafiri kutoka bara mkakubali azikwe hapa kama alivyousia, na Bi Tumu, uliyekuja kila alasiri na saumu yako ukamkanda miguu.

Mungu Baba, mpokee Simeon, umlinde Jedida, uwalinde Tabitha na Elikana, wajue siku zote kwamba baba yao hakuwachukia. Mwache mtoto yule alale pa kavu, umpe Nyapara Sabato yake, na Askari umwondoe zamu, maana amesimama miaka mingi, na sasa wewe ndiwe mlinzi. Kaka, pumzikeni nyote kwa amani. Amina.