Dokta Zoulikha Mekhloufi na Moshi wa Kuchomelea

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika maabara yetu ya kuchomelea hapa Annaba, Dkt. Zoulikha Mekhloufi anastaafu tarehe 30 Juni.

Alianza akiwa mwanamke pekee katika jengo zima. Koti la kazi la saizi yake halikuwepo, akavaa la kiume, mikono ameikunja mpaka kwenye viwiko. Alitafiti kwa nini viungio vya mabomba ya gesi hupata nyufa. Fimbo ya kuchomelea aliyoibuni, yenye madini ya manganizi kwa wingi, ilizimaliza nyufa hizo, akatunukiwa nishani. Aliitundika chooni, akisema huko ndiko watu husoma kwa utulivu.

Sampuli zake zote zilichomelewa na fundi mmoja, Laredj Bentoumi. Walibishana kuhusu mpira asubuhi hadi jioni na kunywa kahawa ya chupa moja. Siku moja Dokta akaona mshono wa chuma anaouchomelea Laredj umeanza kuyumba. Akamuuliza kama anaumwa. Laredj akasema mikono inatetemeka kwa baridi tu. Ilikuwa Agosti, kilele cha joto hapa Annaba.

Hospitalini walisema ni moshi wa fimbo ile: manganizi ilikuwa imemwingia ubongoni. Dokta alikwenda nyumbani kwa Laredj kuomba radhi. Aldjia, mke wa Laredj, alikuwa akimlisha mumewe supu kwa kijiko, akasema bila kuinua uso:

"Miaka yote hiyo ulikuwa unapima chuma, dada. Yeye ulimpima lini?"

 Dokta aliporudi kazini aliacha utafiti wa nyufa, akakataa na ukurugenzi uliokuwa ukimngoja. Tangu hapo alishughulika na moshi tu. Wakubwa walinung'unika, wenzake walisema anafukuza upepo. Leo fimbo yake mpya ina manganizi kidogo, na mtambo wake huunyonya moshi kabla haujafika puani. Mafundi huuona una kelele, wakauzima. Yeye huja akauwasha tena.

Laredj alifariki Februari. Msibani, Aldjia alijisogeza kwenye zulia, akampa Dokta nafasi ya kukaa kando yake. 

Dokta Zoulikha, tunakushukuru. Mafundi wanaostaafu siku hizi wanashika vikombe vyao wenyewe bila kutetemeka, na wengi hawajui kwa nini. Nenda salama kwa dada yako huko Béjaïa. Tunakuombea afya, na usingizi ambao tunajua umekupungukia. Mtambo tutauwasha sisi.