Mwalimu Esnath Kaduma, Aliyebaki na Watoto Baada ya Kengele

Tarehe 27 Juni 2025 Mwalimu Esnath Kaduma anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi, ishirini na miwili kati ya hiyo akiwa hapa shuleni kwetu Makambako. Mimi, Methodi Mtewele, nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu kwa kuwa nimefanya naye kazi muda mrefu kuliko wote. Nilipompelekea rasimu ya kwanza, aliisoma akanirudishia. "Umeruka habari ya Yasmini," akasema. "Kama haimo, hujaandika habari zangu." Nimeandika upya.

Alizaliwa Ilembula mwaka 1965. Alianza kufundisha Ludewa mwaka 1992, akahamia kwetu mwaka 2003 na kukabidhiwa darasa la kwanza. Tangu hapo hakutaka darasa jingine. Aliimba vibaya na alijua hivyo, lakini aliimba kila asubuhi, na ilipofika Septemba watoto wake walikuwa wanasoma.

Darasa la kwanza hutoka saa sita mchana. Wazazi wengi wa mji huu hurudi nyumbani jua likizama. Mmoja wao alikuwa Bi Zamda, muuza mitumba sokoni, ambaye mume wake, Halfan, alikuwa dereva wa lori na mara nyingi alikuwa safarini. Mwanzoni mwa Julai 2011 msichana wake wa kazi aliondoka ghafla. Akaja shuleni kumwomba Mwalimu Kaduma akae na binti yake, Yasmini, hadi saa kumi na moja, kwa wiki chache tu. Mwalimu Kaduma hakutaka kuamua peke yake, akamleta ofisini kwangu. Wakati huo nilikuwa mwalimu wa taaluma.

Nilimjibu bila hata kuinua kichwa. "Mama, hapa ni shule. Hatulei watoto." Mwalimu Kaduma alisimama mlangoni, akanyamaza.

Wiki mbili baadaye, siku ya Jumanne yenye ukungu na baridi kali, Yasmini alirudi nyumbani peke yake, kama alivyokuwa akifanya tangu siku ile. Alikuta jiko la mkaa uani likiwa bado na moto. Akaliingiza chumbani, akafunga mlango na dirisha, akajilaza na sweta lake la shule. Mama yake alipofika alimkuta ameshafariki kwa hewa ya sumu ya mkaa. Alikuwa na miaka saba.

Mazishini Bi Zamda hakutulaumu. Alitushika mikono mmoja mmoja, akatushukuru kwa kuja. Tulirudi kwa miguu, na njia nzima Mwalimu Kaduma alisema neno moja tu: "Nilinyamaza."

Jumatatu iliyofuata, kengele ya saa sita ilipogongwa, alibaki darasani na watoto watano ambao nyumbani kwao hakukuwa na mtu. Hakuomba ruhusa. Wazazi walileta unga na sukari, yeye akapika uji. Mwaka uliofuata mwalimu mkuu alimpa chumba, na watoto wakafika thelathini na zaidi. Alipotakiwa kwenda Njombe kuwa mwalimu mkuu, alikataa.

Chumba kilipojaa, aliwasaidia wazazi kutafuta mahali pengine, na hapo ndipo wengi wenu mlipomjua vizuri. Alikuwa akiwaambia: "Nenda saa kumi, usitoe taarifa. Waangalie watoto, usiangalie rangi ya ukuta. Uliza nani anaruhusiwa kumchukua mtoto, na uone kama wanakuuliza wewe ni nani." Sadock, mfanyabiashara wa mbao, hatasahau alivyompeleka mwalimu kwenye kituo kimoja chenye bembea na televisheni kubwa. Mwalimu aliomba kuona choo cha watoto. Kilipofunguliwa kilikuwa kimejaa magunia ya viazi hadi juu. "Basi watoto wanajisaidia wapi?" akauliza. Mwenye kituo akaanza kusifu viazi. Sadock alicheka hadi akakaa chini, lakini mtoto wake hakumwandikisha pale.

Mwaka 2017 Bi Zamda alirudi. Tangu mazishi alikuwa hajakanyaga shuleni. Alikuwa amemshika mkono Dulla, mwanawe wa mwisho, aliyeanza darasa la kwanza. Nilikuwepo, nikatamani kuondoka.

"Nimezunguka mji mzima, mwalimu," alisema. "Kuna sehemu nzuri kuliko hapa kwako. Nimezikagua zote."

"Sasa mbona umekuja kwangu, Mama Yasmini?"

"Kwa sababu wao wanadhani jambo kama lile haliwezi kutokea. Wewe unajua."

Mwalimu Kaduma alitoka nje, akakaa huko kitambo. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Akafungua daftari, akaandika jina la Dulla. Kwa miaka saba mtoto yule hakuondoka shuleni bila kukabidhiwa mkononi mwa mtu.

Muhula huu umekuwa mgumu. Hatukupata mtu wa kushika nafasi yake. Kwa hiyo, badala ya kupumzika, amezunguka mtaa kwa mtaa na wazazi, nyumba kwa nyumba, kuwachagulia watoto thelathini na mmoja mahali pa kushinda mchana. Ishirini na wanne wamepata. Jioni ya juzi nilimkuta amekaa kwenye kiti kidogo cha mwanafunzi, analia juu ya majina saba yaliyobaki.

Nilimwambia hao saba watabaki na mimi. Aliniangalia kwa muda mrefu. Sijui alikuwa anaona nini; mimi nilikuwa naona ofisi yangu ya mwaka 2011. Kisha akasema, "Usihesabu vichwa, Mwalimu Mtewele. Waite kwa majina, na usubiri kila mmoja aitike." Nimebakiza miaka mitatu kazini, na sina uhakika kama nitaweza. Uji wenyewe bado najifunza.

Mwalimu Kaduma, kwa niaba ya walimu, wazazi na watoto, tunakushukuru. Unarudi Ilembula, na sisi tunabaki na huzuni ambayo hotuba za leo hazitaimaliza. Afya yako iwe njema na nyumba yako iwe na amani. Kuanzia Jumatatu mchana wako ni wako. Ulale kidogo.