Aroni Mhapa Hakuja Kupima

Wasikilizaji wapendwa, kama chungu kiko jikoni, punguza moto kidogo. Kama upo dukani, mwombe mteja akusubiri. Leo tunamkumbuka mtu mmoja, na ningependa tumkumbuke kwa utulivu, maana alipokufa hapakuwa na utulivu wowote. Mimi ni Eveline Mwalwiba, nipo nanyi hapa Mbeya.

Jina lake ni Aroni Mhapa. Alikuwa mpiga picha. Narudia, maana ndivyo familia ilivyoniomba: Aroni Mhapa alikuwa mpiga picha. Hakuwa mpima ardhi, hakutumwa na mtu kupima ardhi, na hakuwahi kupima shamba la mtu yeyote maishani mwake. Aliuawa mwezi Juni mwaka huu, asubuhi kweupe, katika kijiji kimoja ng'ambo ya Rujewa. Waliomuua walisema amekuja kupima makazi yao ili wahamishwe. Maneno hayo yamemfuata mochwari. Yamemfuata msibani nyumbani kwake, hapa Soweto ya Mbeya. Yamemfuata hadi kaburini kwao Iringa, ambako wapo waliosimama nyuma ya waombolezaji wakinong'ona kwamba huenda ni kweli.

Mjane wake, Mama Paskalina, alikuja hapa studioni wiki iliyopita na binti yake, Happy. Nilimpa pole, akaipokea, kisha akaniambia hivi: "Dada Eveline, mume wangu nimeshamzika. Sasa nisaidie kulizika hilo neno."

Basi tuanze, wasikilizaji.

Aroni alizaliwa Kilolo, mkoani Iringa, kwenye nyumba ya wakulima wa viazi na mahindi, Walutheri wa kanisani kila Jumapili. Akiwa kijana alishuka Iringa mjini kwa mjomba wake, Yohane, aliyekuwa akipiga watu picha karibu na soko. Mjomba alikuwa na pazia lililochorwa ndege. Ukisimama mbele yake, kwenu wanaamini umesafiri. Aroni alianza kazi ya kushika pazia upepo usilichukue. Mjomba alipofariki alimwachia kamera yake, kamera ya Kirusi, ya chuma tupu. Aroni akahamia Mbeya, akamwoa Paskalina, binti wa Tukuyu, wakafungua chumba cha picha pale Soweto. Wengi mnaonisikiliza mmekaa kwenye kile kigoda chake. Mimi mwenyewe nilikaa, siku ya kipaimara changu, soksi moja imeshuka. Picha ninayo, na soksi inaonekana.

Sasa niieleze hiyo kamera, maana msiba wote umepita humo. Nisikilizeni vizuri. Kamera ile huangalii kupitia lenzi. Unaangalia kupitia kidirisha kidogo kilicho juu yake. Ukimlenga mtu, humo kidirishani unawaona watu wawili: mmoja mwenyewe, na mwingine amepauka, amekaa pembeni kidogo. Unazungusha pete iliyopo kwenye lenzi, polepole, mpaka yule aliyepauka amwingie mwenzake, wawe mtu mmoja. Hapo picha itatoka safi. Na kwenye ile pete kuna namba. Ni namba za mita, kutoka pale uliposimama hadi kwa mtu unayempiga. Mbili, tatu, tano, kumi, na mwisho nane iliyolala ubavu, yaani mbali kusikopimika. Tafadhali mzikumbuke hizo namba.

Na kwa kuwa huangalii kupitia lenzi, unaweza kusahau kifuniko chake na usijue. Hilo lilimpata Aroni kwenye harusi ya mtoto wa mchungaji, Iringa. Alipiga toka kanisani hadi keki. Aliposafisha, filamu nzima haina kitu. Ilibidi bwana na bibi harusi wavae upya siku ya Jumatatu, maua yamenyauka, na mchungaji amenuna. Toka siku hiyo alikitupa kifuniko na hakutaka kingine.

Watu walimshangaa. Kila mahali alipoitoa kamera ile, watu walikuja na maswali. Mzee, hiyo bado inafanya kazi? Ni ya Mjerumani? Unaiuza? Mbona haina kioo nyuma? Vijana wa stendi walimwuliza, "Dingi, memori kadi inaingilia wapi?" Yeye aligonga paji la uso wake na kusema inaingilia hapa. Wapiga picha wengine wangewafukuza. Aroni hakuwafukuza. Alikuwa na neno lake moja, na kila aliyemjua atalitambua: "Njoo uone mwenyewe." Anamvisha mgeni ule mkanda shingoni. Anamwambia lenga kule, zungusha hii, wakiwa mmoja niambie. Mgeni anacheka. Kisha anamwonyesha namba kwenye pete: "Unaona? Mita tano. Haya, hesabu hatua zako." Na mgeni anakwenda kweli kuhesabu hatua, katikati ya watu, mtu mzima na akili zake.

Mama Paskalina aliniambia, "Nikimtuma nyanya, anarudi jioni. Amefundisha soko zima. Na nyanya amesahau." Alicheka aliposema hivyo. Kisha akajifunika uso kwa khanga.

Happy, binti yake, ni mwalimu Iringa. Alimnunulia baba yake simu nzuri ya kupigia picha. Baba alishukuru sana, akawa anaitumia kwa tochi, umeme ukikatika nyumbani.

Sasa tufike Rujewa. Zamani, msimu wa kuvuna mpunga, Aroni alikuwa akizunguka vijiji vya Usangu. Mavuno ndiyo wakati watu walipenda kupigwa picha. Katika mizunguko hiyo alimpiga mkulima mmoja, Sifaeli, amesimama mlangoni kwake, magunia ya mpunga kushoto na kulia. Sifaeli alifariki baadaye, akazikwa ubavuni mwa nyumba ile ile. Mke wake, Bibi Faustina, akabaki na ile picha.

Mwaka huu Bibi Faustina alimpigia Aroni simu. Miguu ilikuwa imeanza kumwisha nguvu, na nyumba ilikuwa imewekwa alama. Mnazijua hizo alama, X nyekundu ukutani. Kijijini walikuwa wamekuja watu na vyombo vya miguu mitatu. Walichungulia, walipiga vigingi, waliondoka bila kumuaga mtu. Baada ya hapo alama zikatokea. Hakuna aliyewaeleza wanakijiji ni nani anahama, lini, na kwenda wapi. Watu walilala na kuamka na hofu hiyo. Hilo mlikumbuke pia, ingawa halimsafishi mtu aliyeshika mpini wa jembe siku ile.

Bibi Faustina alitaka picha moja tu kabla nyumba haijavunjwa. Asimame kwenye mlango ule ule, apigwe na kamera ile ile iliyompiga mumewe. Aroni akamwambia mkewe, "Mama Happy, huyu siwezi kumpiga na simu." Akaweka filamu, akapanda basi.

Yaliyofuata tumeyapata kwa Nasri, kijana wa bodaboda wa Rujewa, aliyempeleka kijijini na kumsubiri. Walifika asubuhi. Bibi akampokea, akamwita mwanangu, akamwambia subiri nivae. Akaingia ndani. Aroni akabaki uani na kamera yake, anautafuta mlango. Anarudi nyuma. Anasogea mbele. Anachungulia, anazungusha pete, anaangalia namba, anaupiga mlango picha moja ya kujaribu, anarudi tena nyuma. Ndivyo mpiga picha yeyote wa kamera ile anavyofanya.

Watu wakaanza kusogea. Mmoja akamsalimia kwa heshima.

"Shikamoo, mzee. Unafanya nini hapa kwa bibi?"

"Marahaba. Nataka kupiga picha."

"Na hicho unachozungusha, ni nini?"

Wasikilizaji, mnajua alivyojibu. Alijibu kama alivyojibu Soweto, kama alivyojibu stendi, kama alivyojibu maisha yake yote. Alisema, "Njoo uone mwenyewe." Akamvisha yule bwana mkanda shingoni. Yule bwana akachungulia, akaziona nyumba mbili, akazungusha, zikawa moja. Aroni akafurahi. Akamwonyesha pete: "Haya, soma hapo. Toka hapa mpaka mlangoni."

Yule bwana akasoma kwa sauti: "Mita kumi."

Nasri anasema waliokuwa uani wakageukiana. Halafu mtu wa nyuma akasema, "Si mmesikia? Anapima." Mwingine akasema hawa sasa wanajificha, wanakuja na mashine ndogo. Aroni akanyoosha mikono. Akasema, jamani, ndugu zangu, ni kwa ajili ya picha. Wakamwambia basi tuonyeshe picha. Akasema picha bado haionekani, mpaka nikaisafishe nyumbani.

Siku hizi picha tunaiona hapo hapo. Mtoto wa miaka mitatu anaiona hapo hapo. Mtu anayesema amepiga picha na hawezi kuionyesha, kwa watu wale alikuwa mwongo. Wakaitafuta memori kadi. Wakaufungua mlango wa nyuma wa kamera kwa nguvu, wakaivuta filamu yote nje, wakainyanyua juani waone kilichomo. Filamu isiyosafishwa ikiona mwanga inaungua, haibaki na kitu. Walitafuta ushahidi wa kumwokoa, na kwa mikono yao wakaumaliza. "Iko wapi picha?" wakamwuliza. Nasri alimsikia akijibu kwa upole, kama anamweleza mtoto: "Mmeshaiunguza, jamani."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho tunayoyajua. Walimpiga kwa mipini ya majembe. Sitaeleza zaidi. Nasri alikimbilia Rujewa kuita polisi, akarudi nao, na Aroni alifia njiani akipelekwa hospitali.

Nimekasirika, wasikilizaji, na sitalificha hilo. Nimefanya kazi hii miaka mingi, nimesoma majina mengi ya marehemu, na leo nimekasirika. Wapo wanaoshikiliwa, na hayo tunaiachia mahakama. Kamera iko polisi, kama kielelezo, mlango wake wa nyuma umepinda. Lakini baada ya kifo chake kuna watu waliopiga picha ya ile pete yenye namba, wakaisambaza kwenye simu zenu na simu yangu: tazameni mashine aliyokuwa anapimia. Na tuliipokea. Na wengine wetu tuliituma mbele.

Happy aliniambia, "Wanafunzi wangu waliniuliza kama baba yangu alikuwa mwizi wa mashamba. Sikuwa na cha kuwaonyesha. Nasri hawamwamini; aliyemwita baba ni bibi, na bibi hasemi."

Ni kweli, Bibi Faustina alikuwa hasemi. Kijijini ilitangazwa kwamba aliyemwita mpimaji naye atamfuata. Ni mjane, anaishi peke yake, na miguu haina nguvu. Alipoulizwa nani alimwalika yule mzee, alisema hajui. Sitamlaumu, na nawaomba msimlaumu.

Juzi Nasri alipita kumwona. Bibi akamwuliza kama simu yake inaweza kubeba sauti mpaka Mbeya. Akasema anajua litakalompata, na amechoka kuliogopa. Nasri alimrekodi, na kwa ridhaa yake nawasomea maneno yake yote. Sauti yenyewe tumemkabidhi Mama Paskalina.

"Mimi Faustina, mke wa marehemu Sifaeli. Yule baba hakuja kupima. Mimi ndo nilimwita. Nilimwambia njoo unipige mlangoni kwa mume wangu. Akafika, nikamwambia subiri nivae. Nikaingia ndani. Nilikuwa na vitenge viwili, hiki na hiki, nikawa sijui nivae kipi. Nikavaa kimoja, nikavua, nikavaa kingine. Nikasikia kelele nje. Zamani akija mpiga picha watoto walikuwa wanamshangilia, wanamkimbilia. Mi nikajua wanamshangilia. Nikacheka kabisa. Nikapaka na mafuta. Nilipotoka nimependeza, yule baba yuko chini. Mama Happy, nisamehe. Nilichelewa kuvaa."

Hayo ndiyo maneno ya Bibi Faustina. Wanakijiji mnaonisikia huko ng'ambo ya Rujewa, sasa tunamjua, na Mbeya yote inamjua. Tutauliza habari zake kila wiki, kwa jina.

Mama Paskalina aliporudi jana hapa studioni kuisikiliza sauti ile, aliirudia mara kadhaa. Kisha akasema, "Mwambieni bibi hajachelewa. Amefika."

Kwa Mama Paskalina, kwa Happy, kwa ukoo wote wa Mhapa kule Kilolo, na kwa majirani wa Soweto, poleni sana. Kamwene, baba Aroni, nakusalimu kwa Kihehe cha kwenu. Ulikuwa mpiga picha. Neno lile lingine tumelizika leo, na anayelifukua ajue anafanya nini.

Nasi tunaobaki tujiulize. Maswali si dhambi. Aroni aliyapenda maswali kuliko mtu yeyote niliyemfahamu. Ukimwona mgeni uani kwa jirani yako, na mkononi ana kitu usichokijua, muulize. Ukishamwuliza, subiri jibu lake. Na jibu lisipokuridhisha, usimguse. Subiri aliye ndani avae, atoke.